Shosh Aliachiwa Ndai ya Pedeli na Mdosi wa Lavington. Kabla Umpakie Mtoi, Soma Hii

Wasee, kuna ndai moja hapa Kawangware haijawahi kulipa parking, haijawahi kusimamishwa na karao, na kidogo tu initie kwa shida kubwa kuliko matatu zote za 46. Ni ndai ya chuma, urefu wake ni kama meza ya sitting room, na injini yake ni miguu ya mtoto. Ile ya kukanyaga pedeli.

Shosh yangu alifanya kazi ya nyumba Lavington miaka mingi. Anayejua hii ramani anajua Lavington na Kawangware ni majirani: unavuka barabara moja, miti inaisha, mabati yanaanza. Mwanzo wa miaka ya 80 wadosi wake walirudi kwao Uingereza, na vitu ambavyo havikuingia kwa kontena wakamwachia: sufuria, blanketi, na hiyo ndai. Mathe anakumbuka vizuri, kwa sababu alikuwa akienda na shosh kazini wakati shule zimefungwa. Aliwaona watoi wa mdosi wakizunguka nayo kwa nyasi huku shosh akiwasukuma wakichoka. Yeye aliambiwa asiiguse. Siku ilipoletwa Kawangware kwa mkokoteni, mathe alikuwa ashakuwa mrefu, magoti hayaingii. Ikawekwa nyuma ya nyumba. Kuku wakataga mayai ndani yake kwa karibu miaka arobaini.

Sasa mimi nina mtoi wa miaka mitatu, msichana, na ukimwonyesha kitu chochote chenye steringi umemaliza. Aliiona akiwa kwa shosh, akaingia ndani na mavi ya kuku yakiwa hapo, akaanza kupiga honi kwa mdomo. Nikasema sawa, hii ndai lazima itembee.

Kabla sijafika kwa kazi yenyewe, jua unashika nini. Ndai maarufu kuliko zote za aina hii inaitwa Austin J40. Ilianza kuundwa 1949 Bargoed, huko Wales, na waliokuwa wakiiunda ni wachimba makaa ya mawe ambao mapafu yao yalikuwa yameharibiwa na vumbi la migodini. Hawangeweza kurudi chini, kwa hivyo wakafunguliwa kiwanda cha kuunda ndai za watoto, wakitumia vipande vya chuma vilivyobaki kwenye ndai kubwa za Austin. Zilitoka zaidi ya 32,000 hadi 1971, na leo iliyo safi inauzwa bei ya gari la kweli. Kwa hivyo kama umerithi moja na ina taa na boneti inayofunguka, usikimbilie kuipaka rangi, tafuta kwanza mtu anayejua bei. Yangu si J40. Ni ndai ya kawaida ya chuma chepesi, jina lilishaoza kitambo, na kwa bei ya mnada haina maana. Hiyo ilinipa uhuru wa kuifanya nitakavyo.

Na hapo ndipo nilifanya ujinga.

Jumamosi moja nilinunua msasa, nikaketi kwa mlango wa keja, nikaanza kukwangua. Chini ya rangi nyekundu kulikuwa na njano, chini ya njano kulikuwa na kijani. Vumbi likajaa kwa koridoo ya ploti. Watoi wa ploti nzima wakakuja kucheki, wangu akiwa mbele, ameshika kipande cha rangi kilichobanduka kama krisps. Jirani yetu ni nesi, alikuwa anarudi kutoka shift ya usiku. Alisimama, akaangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba Nani, hiyo gari ni ya mwaka gani?" Nikamwambia ni ya kitambo, ya wazungu. Akasema, "Basi wacha. Wacha sasa hivi. Toa watoto hapo."

Rangi za kitambo zilikuwa zinachanganywa na risasi. Si ile ya bunduki, ni madini yenyewe, yale yaliyo kwenye betri ya gari. Yaliwekwa ili rangi ikauke haraka, idumu kwa jua na mvua, na ing'ae. Zenye kung'aa zaidi, kama njano, machungwa na nyekundu, ndizo mara nyingi zilikuwa na mzigo mkubwa, kwa sababu rangi yenyewe ya njano ilikuwa kromati ya risasi. Na ndai ya mtoto inapakwa rangi gani? Exactly.

Shida ya risasi ni kwamba haina dalili ya haraka. Mtoi hatapiki leo. Inaingia kwa damu, inakaa kwa mifupa, na inachezea ubongo wakati bado unajengeka: kusoma kunakuwa ngumu, hasira zinakuwa nyingi, na hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo akimeza risasi mwili wake unaweza kunyonya mara nne hadi tano ya vile mtu mzima angenyonya. Na mtoto wa miaka mitatu kazi yake ni nini kama si kutia vidole mdomoni.

Kama unadhani hii ni mambo ya majuu, kumbuka Owino Uhuru kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilichafua mtaa mzima. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi hapo, aliona mtoto wake mwenyewe akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwa damu. Alipigana mpaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na 2020 korti ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kabla kesi kupanda korti za juu. Ndai moja ya shosh si kiwanda, sawa. Lakini ni madini yale yale, na mimi nilikuwa nimeyapeperusha kwa koridoo yenye watoi saba.

Nesi alinipa maagizo kama karao. Nisiguse ufagio, kwa sababu kufagia kukavu kunarudisha vumbi hewani. Nipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni, nibadilishe maji, nirudie. Nguo zangu zifuliwe peke yake. Watoi wote waoshwe mikono na nyuso, na waliokuwa wamelala kwa mkeka, mkeka uoshwe. Nikaenda kwa wazazi mlango kwa mlango nikiomba msamaha. Hiyo ilikuwa noma kuliko kufua.

Jumatatu nikampeleka wangu kupimwa damu. Ukienda kwa daktari, mwambie wazi unataka kipimo cha risasi na ueleze kwa nini, kwa sababu hakiko kwenye vipimo vya kawaida. Sampuli ilitumwa mbali kidogo, tukangoja siku kadhaa, na sikulala poa hata moja. Majibu yakatoka chini ya mikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema ukikifikia lazima chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe. Daktari akaniangalia: "Iko chini. Lakini chini si sifuri, umesikia?" Nimesikia.

Sasa, hivi ndivyo kazi ilipaswa kuanza, na ndivyo nilivyoianza upya.

Ndai niliihamisha. Kuna jamaa yangu ana gereji ndogo Dagoretti Corner, uwanja wa nyuma hauna watoi. Kabla sijafungua boliti hata moja, nikapiga picha kwa simu kila upande, hasa vile fito za pedeli zinaingia kwa ekseli. Niamini, baada ya wiki tatu hutakumbuka. Nati za mbele kwa mkebe mmoja wa Blue Band, za nyuma kwa mwingine. Halafu nikatembeza sumaku mwili wote. Pale sumaku inashika, kuna chuma. Pale inateleza, mtu aliwahi kujaza shimo na fila akapaka juu, na ukikwangua utapata kutu imelala chini kama mwenye nyumba.

Rangi haikwanguliwi kavu. Pia haichomwi na moto, hata kama fundi atakuambia ndiyo njia ya haraka, kwa sababu moto mkali unageuza risasi kuwa moshi na sasa unaivuta moja kwa moja. Unatumia dawa ya kubabua rangi. Ukienda maduka ya rangi sema tu "rimuva", watakuelewa. Unapaka nene, unafunika na nailoni, unangoja, rangi inavimba kama chapati, unaitoa kwa kisu butu ikiwa bado mbichi. Glavu nzito, macho yamefunikwa, na ufanye nje kabisa, kwa sababu hizo dawa zenyewe harufu yake inaweza kukuangusha ukijifungia nazo. Kilichobaki nilikitoa na msasa wa maji, chuma kikiwa kimelowa saa zote. Chini nilitandika nailoni kubwa, na kila kitu, rangi, msasa uliotumika, matambara, kikaingia kwa mkebe wa chuma wenye kifuniko. Hiyo haimwagwi kwa mtaro na haichomwi na takataka za mtaa. Jamaa wa gereji ana mtu mwenye leseni ya NEMA anayebeba taka hatari zake, akanisaidia. Kama huna mtu kama huyo, mtafute kabla ya kuanza.

Unaweza uliza, nilijuaje kwamba ina risasi kweli? Uhakika unatoka maabara peke yake. Mimi niliamua tu kuchukulia kwamba ipo. Ndai ya kitambo, tabaka tatu, njano katikati, unataka ushahidi gani mwingine.

Kutu ndiyo sehemu tamu. Vitu vidogo, yaani nati, boliti, kofia za magurudumu na fito, nilivilaza kwa siki nyeupe usiku mzima. Asubuhi unavisugua na brashi ya waya, kutu inatoka kama matope, halafu unavisuuza kwa maji yenye magadi ili siki isiendelee kula chuma, na unavikausha hapo hapo. Ukiviacha na maji dakika kumi vitaanza kutu tena mbele ya macho yako.

Sakafu ya ndai ilikuwa imetoboka. Mavi ya kuku, nadhani. Hapa nikashuka tao, kisha nikavuka hadi Kamukunji. Wale majamaa wanaunda masanduku, makarai na majiko kutwa nzima, na kelele zao unazisikia ukiwa bado stage. Kukunja chuma chepesi kwao ni kama kukunja gazeti. Nilimpa mzee mmoja kipimo cha karatasi, akanikatia kiraka na kukikunja kingo zote ndani ili kisikate mguu wa mtoto. Hilo la kingo sikumwambia, alifanya mwenyewe. Usikubali kiraka cha mabati: mabati yamepakwa zinki, na ukiyachomelea moshi wake unampa fundi homa ya usiku kucha. Kwa welda nako, uliza kama ana mashine ya waya au gesi. Ile ya fimbo ikiwa mikononi mwa mtu wa mageti itatoboa chuma chepesi kama sigara kwenye nailoni. Na sehemu ya kuchomelea lazima iwe haina rangi hata chembe, ule moshi tena.

Sasa injini. Wengi wanadhani pedeli za hizi ndai zinazunguka kama za baiskeli. Nyingi hazizunguki. Zinaning'inia kutoka juu na zinaenda mbele na nyuma, moja ikienda nyingine inarudi. Kila moja ina fito ndefu inayopita chini ya kiti hadi kwa ekseli ya nyuma, ambayo imepindwa sehemu mbili kama krankshafti ya gari la kweli. Ukisukuma mguu, fito inasukuma pindo, ekseli inazunguka. Na gurudumu moja tu la nyuma ndilo limefungwa kwa ekseli, lile lingine linazunguka huru. Nilipoiona hivyo nikadhani imeharibika, kidogo nilifunge! Ingekuwa kosa. Gurudumu likiwa huru ndipo ndai inaweza kukata kona, kwa sababu la nje lazima litembee njia ndefu kuliko la ndani. Ndai kubwa zina difu ya hiyo kazi, hii ina ujanja wa pini moja.

Yangu ilikuwa ngumu kwa sababu bushi za ekseli zilikuwa zimelika mpaka matundu yakawa kama yai. Hizo nilipeleka Kirinyaga Road. Wazee bado wanaiita Grogan, jina la mkoloni lililotolewa kwa barabara lakini likakataa kutoka kwa midomo ya makanika. Huko utapata fundi wa lathe, spea, grisi na rangi bila kutembea sana. Fundi alinichongea bushi nne za nailoni ngumu kwa soo mbili unusu kila moja, nikangoja nikinywa chai. Ukirudi nyumbani ekseli inazunguka kwa kidole kimoja, na unaskia raha ambayo huwezi elezea mtu.

Tairi nilienda Kariokor. Rimu zilikuwa sawa lakini mpira ulikuwa umekuwa biskuti. Nikawaza, ni nani Nairobi anajua kukata mpira mgumu na kuufunga usitoke? Wasee wa akala! Jamaa alicheka mpaka akaweka kisu chini, lakini akakata ukanda kutoka kwa tairi ya lori, akaupima kwa rimu, akaunganisha mshazari ili kiungo kisigonge kila mzunguko. Hazifanani na za duka. Zitaishi kuliko mimi.

Rangi ikarudisha ile hofu. Mtoi alikuwa ameshaamua: ndai ni matatu, na ni 46. Na matatu lazima iwe na mstari wa njano, ule ambao Michuki aliwawekea 2004. Njano tena. Kwa hivyo nilikuwa msumbufu dukani. KEBS inataka rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni, kwa hivyo soma mkebe, tafuta alama na maneno kwamba haina risasi, na usikubali rangi iliyopimwa kwa chupa ya soda isiyo na jina. Kwa praima, usichanganye mambo mawili: redi oksaidi ya kawaida ni kutu iliyosagwa tu, lakini kuna praima nyekundu ya kitambo ambayo ni risasi yenyewe, na mzee fulani wa gereji anaweza bado kuwa na mkebe wake. Kama unatumia rangi ya magari ya kuchanganya na hadina, mwachie mpaka rangi mwenye barakoa ya kweli, maana ule mvuke unaweza kumpa pumu ya maisha. Ikishakauka, iache wiki mbili nzima kabla mtoi hajagusa. Hizi wiki mbili ndizo ngumu kuliko zote. Nilimwambia ndai iko hospitali.

Mambo machache ya mwisho. Hizi ndai nyingi hazina breki. Miguu ndiyo breki, kwa hivyo mteremko ni marufuku, na barabara yenye boda ni marufuku mara mbili. Pedeli zina matundu ya kusogeza mbele na nyuma, rekebisha mpaka goti libaki limepinda kidogo mguu ukinyooka. Mahali fito zinapita chini ya kiti niliweka kifuniko, kwa sababu vidole vya watoi vinapenda sana mahali chuma kinakutana na chuma. Honi sikuweka. Mnisamehe.

Hesabu yote, pamoja na nauli na chai, ilikuwa karibu ngiri kumi. Kipimo cha damu sijaweka hapo.

Jumapili iliyopita tuliipeleka kwa parking ya shule moja jirani, geti likiwa limefungwa. Mathe alikuja na kitambaa cha kichwa kipya kama anaenda ruracio. Mtoi akaingia, akakanyaga kwa nguvu zote na ndai ikarudi nyuma, kwa sababu hizi zinaenda upande wowote pindo litakapoamua. Jaribio la pili ikaenda mbele. Aliizungusha parking mara tatu bila kusema neno, uso umekaza kama dere wa ukweli.

Shosh alikuwa ameketi kwa stuli, fimbo kwa magoti. Mtoi akasimamisha ndai mbele yake, akagonga ubavu wa ndai mara mbili.

"Shosh, tao! Tao!"

"Ni ngapi?"

"Finje."

"Finje mpaka tao? Na jana ilikuwa mbao?"

"Kumenyesha," mtoi akasema.

Shosh akatoa finje kwa leso.